Mfongo, Ukoo na Programu Inayojiita

Wazungu waliopanda Uchagani karne ya 19 walikuja na macho juu. Mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwezi Mei 1848, na wapo wasomi wa London waliombishia kwa miaka. Walioshusha macho walikuta jambo jingine. Charles New mwaka 1871 na Harry Johnston mwaka 1884 waliandika wote wawili juu ya mifereji inayopita kwenye kingo za makorongo, kuzunguka migongo ya vilima na kuingia migombani. Sisi tunaiita mifongo. Mpaka leo ipo. Mingine imejengewa saruji, mingine imekauka. Mimi naishi Bomang'ombe, kwenye vumbi, chini ya Machame na Masama, na nina sababu ya kikazi ya kuitazama mifongo. Ninaandika programu za kompyuta. Kwangu mfongo ni mwalimu bora kuliko vitabu vingi kuhusu jambo ambalo vijana wa vyuoni hufundishwa vibaya: programu inayojiita yenyewe, ambayo watu wa kompyuta huiita rikasheni.

Nianze na mfongo wenyewe. Banio, yaani mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, huwa juu, mara nyingine ndani ya msitu, mahali ambapo mto haujazama sana korongoni. Kutoka hapo mfereji unatembezwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, mpaka unakamata mgongo wa kilima. Wachimbaji wa zamani waliongozwa na jicho, na maji yenyewe yakawa shahidi wa kama wamekosea. Ukishafika mgongoni, mfongo unagawanyika. Kila tawi linagawanyika tena, na tena, hadi mferejini mwa mtu mmoja, ambaye anazibua kwa jembe na kuziba kwa bonge la udongo na majani ya mgomba. Ukoo wa aliyeuchimba ulikuwa na neno la kwanza. Mgeni aliyetaka maji alikwenda kuomba, na hakwenda mikono mitupu, alikwenda na mbege. Kulikuwa na sadaka kwa mizimu ya waanzilishi, kulikuwa na siku ya wote kutoka kusafisha, na asiyetokea alitozwa faini au alifungiwa maji. Bruno Gutmann, mchungaji wa misheni ya Leipzig aliyeanza kazi huku mwaka 1902, alikusanya mila hizi katika kitabu kinene juu ya sheria za Wachagga kilichotoka mwaka 1926. Fidelis Masao aliandika historia ya umwagiliaji wa Uchagani mwaka 1974 katika jarida la Tanzania Notes and Records. Ni mamia ya mifongo, na hakuna ofisi iliyowahi kuiendesha yote kwa pamoja.

Kilichonivutia mimi ni uongozi wake. Nilikaa na mzee mmoja wa Masama aliyewahi kuusimamia mfongo wao, nikamuuliza swali ambalo mtu wa kompyuta lazima aulize.

"Meku, ulijuaje kama yule wa mwisho kabisa kule chini amepata maji?"

"Sikujua."

"Sasa uliongozaje?"

"Mimi nilikuwa na matawi manne. Nilijua wakubwa wa hayo manne. Kila mmoja alikuwa na watu wake, na wale nao wana watu wao. Ukifika kwa mtu asiye na wa kumgawia, huyo anafungulia migomba yake, basi."

Na kama maji hayafiki? Malalamiko yanapanda kwa njia ileile, hatua moja moja: aliyekosa anamwendea aliyempa, yule naye anamwendea wake, mpaka yanafika kwa mwenye uwezo wa kuyamaliza. Mara nyingi hayapandi hata ngazi mbili.

Rikasheni yote imo humo. Kazi kubwa inagawanywa katika vipande, na kila kipande ni kazi ileile kwa udogo. Anayesimamia kipande hana haja ya kuujua mfongo wote; anafuata kanuni ileile aliyoifuata mkubwa wake. Kisha kuna yule mtu wa mwisho, asiye na wa kumgawia. Wanafunzi humsahau huyo, na programu zao hazisimami kamwe.

Mafundisho yanaharibikia kwenye mifano. Kijana anaonyeshwa rikasheni kwa kuzidisha namba kuanzia moja hadi kumi, au kwa namba za Fibonacci, au kwa ule mchezo wa kuhamisha sahani uitwao Minara ya Hanoi. Zote hizo unaweza kuzifanya kwa lupu ya kawaida, yaani maagizo yanayorudiwa mfululizo, na kwa Fibonacci lupu ni bora zaidi, maana rikasheni ya kivivu inarudia hesabu zilezile mara nyingi mno. Kijana mwenye akili anaamua kwamba hii ni mapambo ya wanahisabati, anaiacha kwenye karatasi ya mtihani. Simlaumu.

Hata waliotutangulia katika ufundi huu waliishi bila rikasheni. Lugha ya FORTRAN ya IBM, iliyotoka mwaka 1957, haikukubali kipande cha programu kijiite chenyewe, na watu waliitumia kupiga hesabu nzito za kisayansi. Rikasheni iliingia kwa mlango wa LISP, lugha ambayo John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958 kwa ajili ya orodha zenye orodha ndani yake. Mwaka 1960 ikaruhusiwa katika ALGOL. Kisa ninachokipenda ni cha Tony Hoare. Alikuwa amebuni njia ya kupanga vitu kwa mfuatano: chagua kimoja, vidogo kuliko hicho viweke upande huu, vikubwa upande ule, kisha kila upande ufanyie vilevile. Wazo alikuwa nalo kichwani, lakini kulieleza kwa lugha za wakati ule lilimtoa jasho. Mwaka 1961 alihudhuria kozi ya ALGOL 60 mjini Brighton, walimu wakiwa Peter Naur, Edsger Dijkstra na Peter Landin, na hapo ndipo alipoona namna ya kuliandika. Njia hiyo, au watoto wake, iko ndani ya programu nyingi zinazopanga majina kwenye simu na kompyuta leo.

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, na kwa miaka mingi kizazi kizima kilisoma ufundi huu kwenye ubao tu, kama kilisoma. Labda ndiyo maana hadi leo tunafundisha mifano ya ubaoni.

Mfano wangu ni wa Desemba. Kila mwaka kabla ya Krismasi barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani, na kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yanayorithiwa, koo hukutana. Katibu wa ukoo mmoja wa Machame alinijia ofisini na daftari la kurasa zilizochakaa na faili la Excel. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba kila mlango, yaani uzao wa kila mtoto wa babu mwanzilishi, uchangie kulingana na wingi wa watu wake. Kazi ilikuwa kuwahesabu. Katibu alikuwa ameweka safu: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, kinying'inya. Hapo safu ziliishiwa majina, na baadhi ya milango ilikuwa bado inaendelea kushuka.

Kosa halikuwa la katibu. Excel inapenda ngazi zinazojulikana idadi, na ukoo hauna idadi hiyo. Mlango mmoja umefika kizazi cha tano, mwingine cha nane, kwa sababu watu hawazai kwa ratiba. Nilibaki na safu mbili tu: mtu, na mzazi wake. Kisha nikaandika mistari michache ambayo kwa maneno inasema hivi: ukipewa mtu, hesabu moja kwa ajili yake, halafu kwa kila mtoto wake fanya vivyo hivyo, ujumlishe, urudishe jibu kwa aliyekuuliza. Asiye na mtoto anarudisha moja. Nikaipa programu jina la babu mwanzilishi, ikarudi na idadi ya ukoo mzima. Nikaipa jina la kila mtoto wake, ikanipa milango. Kuandika kwenyewe hakukufika hata nusu saa. Kusafisha majina ndiko kulikokula siku.

Na kwenye majina ndiko mila ilikotutega. Uchagani mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwenye daftari, kwa hiyo, jina lilelile linarudi kila baada ya kizazi kimoja. Aliyeingiza taarifa aliandika mahali fulani kwamba baba wa kijana ni fulani, na kompyuta, isiyojua adabu za majina, ikamdhania kijana huyo kuwa babu mwenye jina lilelile, hivyo ikamfanya babu kuwa mtoto wa mwanawe. Babu akawa mzawa wa uzao wake mwenyewe. Programu ilishuka kwa babu, ikafika kwa mwana, ikarudi kwa babu, ikaanza upya. Python, lugha niliyotumia, kwa kawaida huvumilia ngazi 1000 hivi za kujiita kisha hukata na kutoa onyo. Kizazi kikiwa miaka 25, ngazi 1000 ni miaka 25,000. Hakuna ukoo wa Machame wenye kumbukumbu hiyo, hata ule unaojisifu kuliko yote. Onyo lile halikuwa ugonjwa wa programu. Lilikuwa linatuambia daftari lina kasoro, na tukaipata. Tangu siku hiyo kila mtu anapewa namba, na jina linabaki kuwa jina tu. Pia programu inabeba orodha ya waliokwisha kuhesabiwa, isimhesabu mtu mara mbili.

Orodha hiyo ilikuja kufaa kwa sababu nyingine. Daftari la zamani lilifuata watoto wa kiume peke yao. Binti akiolewa, mstari wake ulikatika. Kwenye programu, tofauti kati ya "kila mtoto" na "kila mtoto wa kiume" ni sharti moja tu, lakini kwa kuwa kanuni inarudiwa katika kila ngazi, sharti hilo moja linabadili ukoo mzima kutoka juu hadi chini. Mimi niliandika "kila mtoto" na sikuomba ruhusa. Kikao kilibishana kwa muda mrefu kuliko nilivyofanya kazi. Wazee wawili walisema tunaingiza koo za watu wengine. Mama mmoja aliyekuja kutoka Arusha akauliza nani alipika na kuchangia misiba ya miaka yote hiyo. Ikabaki "kila mtoto". Mabinti wakishaingia, watu wengine wanafikika kwa njia mbili, upande wa baba na upande wa mama, na bila ile orodha wangetozwa mchango mara mbili.

Yupo ndugu wa ukoo katika ardhi, naye ni kihamba. Kwa mila, kitinda mimba hubaki nyumbani kwa baba, kifungua mimba hutafutiwa mahali pake, na wa katikati hutegemea bahati na utu wa baba yao. Kanuni hiyo nayo inajiita: kila mwana atakuja kuwa baba na kugawa. Ilifanya kazi maadamu palikuwa na pori la kutafutia. Kisha kahawa iliyoanzia kwenye misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19 ikaenea vihambani, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 ikaja KNCU, muungano wa ushirika wa wakulima. Mti wa kahawa hukaa shambani miaka mingi, na ardhi yenye mti huo haiachwi. Pori likaisha, na baba akaanza kukata kihamba chake mwenyewe, akipanda masale katikati kuwa mpaka. Tuseme kihamba kilikuwa hekta mbili na kila baba akawa na wana wawili: wajukuu wana nusu hekta kila mmoja, na baada ya migao minne kila mmoja ana hekta 0.125, yaani mita za mraba 1,250 za migomba, kahawa, nyumba, zizi na makaburi ya wazazi. Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuata sheria za kimila za Kilimanjaro kuanzia 1880 hadi 1980, ameonyesha jinsi ndugu walivyofikia kushitakiana juu ya vipande vya namna hii.

Kanuni ya kihamba haikuwa na mtu wa mwisho. Mfongo ulikuwa na yule anayefungulia migomba yake na kusimama. Kihamba hakikuwa na ukubwa ambao ukifikiwa mtu anasema hapa hatukati tena. Kwenye kompyuta, kila mara programu inapojiita, mashine hutunza mahali ilipoachia kazi ili iweze kurudi, na nafasi ya kutunzia ina kikomo. Kikomo kikifika, programu huanguka. Mlimani kilichofurika ni watu, na waliteremka. Familia nyingi zilikuwa tayari na shamba la mahindi na maharage huku tambarare, mahali pa kulima na kurudi juu jioni. Vijana wa katikati wakaacha kurudi juu. Bomang'ombe, kijiji cha njia panda ya Sanya Juu kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, kikawa mji na makao ya Wilaya ya Hai, na ukiuliza mtaani kwangu kila mtu atakutajia kihamba alikotoka na kaka aliyebaki nacho.

Nisieleweke kwamba napendekeza rikasheni kila mahali. Mtaalamu kijana aliyekuwa akinisaidia aliwahi kuiandika kwa ajili ya taarifa za kitongoji, kijiji, kata, tarafa na wilaya, akiona ni mti uleule. Nilimwambia afute. Ngazi hizo zimewekwa na serikali, zina majina, zinajulikana idadi, na kila ngazi ina fomu yake na mkubwa mwenye madaraka tofauti. Hapo lupu tano za kawaida zinasomeka vizuri zaidi, na atakayerithi kazi hiyo hatatukana. Kipimo changu ni maswali mawili: je, kina hakijulikani? Je, kila ngazi inafanya kazi ileile? Folda za kompyuta zenye folda ndani yake zinajibu ndiyo kwa yote mawili. Ukitafuta picha za harusi kwenye diski ya mtu aliyeweka folda ovyo kwa miaka kumi, utaishukuru rikasheni. Ukoo unajibu ndiyo. Mfongo pia.

Serikali yenyewe ilipoingia kwenye maji, iliishia banioni. Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya umma na kutaka haki ya maji isajiliwe, na tangu 1991 kuna ofisi ya Bonde la Pangani yenye makao Moshi. Kibali kinataja mto, mahali pa banio na kiasi cha maji. Chini ya banio, nani anampa nani na saa ngapi, ni shauri la wenye mfongo na wakubwa wa matawi yao. Sheria ya mwaka 2009 ikaongeza jumuiya za watumia maji, zikataka daftari la wanachama na hesabu za michango, na hapo ndipo viongozi wa mfongo nao walipoteremka Bomang'ombe kutafuta mtu wa programu.

Walitaka kugawa gharama ya saruji ya banio. Kwa mazoea, kila tawi lilitoa sawa na jingine, na kila kitawi sawa na kingine. Tuseme gharama ni shilingi 1,200,000 na matawi ni matatu, kila moja shilingi 400,000. Tawi lenye kaya 80 linalipa shilingi 5,000 kwa kaya, na lenye kaya 16 linalipa 25,000. Kwa hiyo programu inatembea mara mbili: kwanza inashuka hadi chini na kupanda ikiwa na idadi ya kaya za kila tawi, kisha inashuka tena ikigawa fedha kwa uwiano huo. Shilingi zinazobaki kwa kutogawanyika tulikubaliana zibaki kwa mkubwa wa tawi husika, azimalize na watu wake, zisisumbue walio juu.

Taarifa niliyoomba ilikuwa ndogo. Sikutaka ramani. Kila mkubwa wa tawi alete jina la tawi lake, kaya anazozigawia mwenyewe, na jina la tawi linalompa maji. Wengi wameleta. Vitawi viwili vya upande wa chini kila kimoja kimemtaja mwenzake kuwa ndiye anayempa, kwa sababu kuna ugomvi wa zamu za usiku ambao haujaisha, na programu imekataa kuwahesabu hadi wakae na mwenyekiti.